Soketi Nyeusi Namba Ishirini na Moja

Maiti ilikuwa imelala ubavu kando ya gurudumu la mbele la lori dogo, na mashine ya kufungulia nati ilikuwa bado mkononi. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Marehemu alikuwa fundi wa gereji ile, na kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono huo, dunia nzima ilimwita Kushoto, hadi mkewe.

Inspekta alichuchumaa kwa taabu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na ulimi usiobembeleza mtu. Damu ilikuwa imetambaa chini ya lori mpaka kwenye mtaro.

"Jeraha liko wapi?" aliuliza.

"Ndani ya paja, chini ya shati hili alilofungwa," daktari wa polisi alijibu. "Kipande cha chuma kimeingia kama risasi, kikakata mshipa mkubwa wa damu. Alikuwa amechuchumaa kama wewe ulivyo sasa."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Alipata dakika chache. Angeweza hata kuongea na huyo aliyemfunga shati."

Inspekta aliinama kuitazama mashine. Ilikuwa ile ya upepo, iliyofungwa kwa mpira mrefu kwenye kompresa, ile ambayo ukiibonyeza mtaa mzima unajua kuna gurudumu linafunguliwa. Kwenye ncha yake palibaki kipande cha soketi, kile kikombe cha chuma kinachovishwa kwenye nati. Kilikuwa cheusi, kimevunjika vibaya.

"Vipande vingine viko wapi?"

Wakatafuta. Chini ya lori hakuna. Mtaroni hakuna. Koplo wake, kijana mrefu mwenye haraka ya kufunga kila jalada kabla ya chakula cha mchana, alifagia sakafu yote kwa mikono yake.

"Chuma hakina miguu, Koplo," Inspekta alisema. "Endelea."

Yeye akasimama mbele ya ubao wa vifaa. Ilikuwa raha kuutazama. Safu ya juu ilijaa soketi zinazong'aa, kutoka ndogo hadi kubwa, zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Safu ya chini zilikuwa nyeusi, nene, na kila moja ilikuwa na msumari wake na namba yake. Safu ya juu ilikuwa kamili. Ya chini ilikuwa na pengo moja tu, kwenye namba ishirini na moja. Inspekta aliagiza ubao upigwe picha.

"Afande!" Koplo alipiga kelele kutoka nyuma. "Nimevipata!"

Vipande vilikuwa ndani ya kopo la thina ya kuchanganyia rangi, kwenye kibanda cha fundi rangi.

*

Fundi rangi aliitwa Kinyonga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na rangi moja siku mbili mfululizo. Siku hiyo alikuwa wa bluu mpaka masikioni. Kwenye magoti palikuwa pekundu, na hiyo haikuwa rangi.

"Ulimkuta yuko hai?" Inspekta aliuliza. Walikuwa katika chumba cha mahojiano kituoni, meza katikati, Koplo akiandika.

"Nilisikia mlio, nikakimbia. Nilimfunga paja kwa shati langu. Damu haikukata."

"Kisha ukaokota vipande ukavificha."

Kinyonga akatazama kucha zake.

"Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

"Sina la kusema, mama."

"Mimi si mama yako hapa. Jana mligombana. Majirani wamewasikia."

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Safari yake. Alikuwa anahamia ng'ambo, amepata kazi huko kwenye migodi, anaondoka na mkewe. Nikamwambia, baba yako mzee unamwachia nani? Akaniambia nichunge mdomo."

"Kwa hiyo ukamuua."

"Kushoto?" Kijana aliinua uso, na macho yake yakajaa machozi. "Tangu utotoni tumekula sahani moja. Nani nitamwita sasa gari likinishinda kusukuma?"

Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Inspekta alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akaondoka kwenda kunywa maji akarudi. Kimya.

"Hii imekwisha, Afande," Koplo alisema kwenye korido. "Soketi imepakwa rangi nyeusi, tumeona mng'ao ndani ya ufa. Rangi, fundi rangi. Vipande viko kwenye kopo lake. Ugomvi upo. Unataka nini tena, aimbe?"

"Nataka kujua kwa nini analia."

"Wauaji hawalii?"

"Wanalia sana. Ila huwa wanajililia wenyewe."

Mkuu wa kituo naye hakuwa na muda wa machozi. Maabara ilete majibu, kisha Ijumaa Kinyonga apandishwe kizimbani kwa mauaji. Kwa kosa hilo, mtu akitoka jela, kama atatoka, hutoka kichwa kimejaa mvi. Inspekta alijua hivyo, na alijua pia kwamba ana siku chache.

*

Nyumba ya marehemu, walikofika jioni ileile, ilikuwa nyuma ya gereji, vyumba viwili na ukumbi. Kando ya mlango palikuwa na masanduku mawili ya safari, yamefungwa kamba. Mke wa marehemu alikuwa ameketi juu ya moja, kana kwamba basi limechelewa tu.

"Pole sana, mwanangu," Inspekta alisema.

"Ahsante. Sijapoa." Alisema bila hasira. "Mlango ukilia nageuka. Najua si yeye, nageuka tu."

Inspekta aliketi juu ya sanduku la pili. Binti yake mwenyewe alikuwa hai na mzima, anafanya kazi nchi ya mbali, na bado yeye alipika cha watu wawili kila jioni akala kiporo asubuhi. Na hapo wa kwake angeweza kupiga simu.

"Jana gereji alifunga nani?" aliuliza.

"Baba mkwe. Mume wangu aliwahi kuja tufunge mizigo. Alifurahi sana, akawa ananitania kwamba huko kuna baridi nitavaa blanketi kama gauni." Akashika kamba ya sanduku. "Nani anakosea hivyo, mama? Yeye alikuwa hakosei."

Mzee, baba yake Kushoto, walimkuta kwenye benchi, ndani ya gereji, ameshika kitambaa chenye oili. Hakuna kazi iliyokuwa mbele yake. Ndiye mwenye gereji, na ndiye aliyemfundisha Kushoto kila kitu. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake.

"Nifundishe, Mzee," Inspekta alisema, akavuta kigoda. "Mimi najua kuendesha gari tu, nalo kwa kubahatisha. Hizi za juu na hizi za chini, tofauti yake nini?"

Mzee aliunyooshea ubao kile kitambaa.

"Hizi zinazong'aa ni za mkono," akasema. "Ukuta wake mwembamba, ili zipenye mahali pa kubana. Mkono unasukuma taratibu, unahisi nati inapogoma, unaacha. Mashine haisukumi. Mashine inagonga, tena inagonga bila huruma. Kwa hiyo soketi yake ni nene na nyeusi, na chuma chake kina ulaini kidogo ndani, kinavumilia kipigo. Hii ya mkono ni ngumu lakini haina uvumilivu. Ukiivisha kwenye mashine utasema mbona inakubali, mbona inakaa vizuri. Siku yake ikifika inapasuka."

"Umewahi kuona?"

Mzee alifungua kiganja. Kovu lilipita toka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Ujana. Nilikuwa na haraka. Nilikaa nyumbani miezi, siwezi hata kufunga kifungo." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Wanangu wote wawili walikuwa wadogo. Waliona kama sikukuu. Baba yupo, baba yupo. Mke wangu alikuwa hai bado, akawa anatulisha sote watatu kwa mkupuo mmoja."

"Mwana mwingine yuko wapi?"

"Alikwenda hukohuko ng'ambo. Alisema miaka miwili. Sasa ana wajukuu zangu ambao hawajui lugha yangu. Wananipungia mkono kwenye simu, nami nawapungia."

Inspekta alitazama kompresa iliyozimwa.

"Kushoto angeweza kukosea soketi?" Inspekta aliuliza.

"Yule? Alizijua kabla hajajua kusoma."

"Basi ilikuwaje?"

"Ndiyo desturi yetu hapa. Anayefunga jioni anaandaa kazi ya kwanza ya kesho. Anavisha soketi kwenye mashine, anaunga mpira wa upepo, anaiweka kando ya gurudumu. Anayefungua asubuhi anainua tu, anaanza. Haangalii. Anamwamini mwenzake."

"Na jana alifunga nani?"

Kitambaa kilisimama.

"Sote tulikuwapo," Mzee alisema. "Sikumbuki vizuri."

Koplo aliandika. Inspekta hakuandika kitu. Aliaga kwa heshima, akatoka. Mtu anayekumbuka kifungo cha shati cha miaka thelathini nyuma hawezi kusahau jana. Alitamani sana awe amekosea.

*

Majibu ya maabara yalikuja Alhamisi. Mtaalamu alipiga simu mwenyewe.

"Inspekta, hiyo soketi si ya mashine. Ukuta mwembamba, ndani ina pembe kumi na mbili. Ni ya mkono, tena ya zamani. Mtu ameipiga msasa akaondoa mng'ao wa nje, akaigeuza nyeusi."

"Kwa rangi?"

"Hakuna hata tone la rangi. Ameichoma kwa moto wa gesi mpaka ikaiva, halafu akaizamisha kwenye oili chafu. Mafundi wa zamani ndivyo walivyokuwa wakifanya chuma kiwe cheusi."

"Subiri." Inspekta alifunga mlango kwa mguu. "Na kama isingechomwa?"

"Ingepata ufa, pengine ingekatika vipande viwili ikamchana mtu mkono. Lakini chuma cha aina hii ukikitoa motoni ukakizamisha ghafla, kinakuwa kigumu kama glasi. Hii haikukatika. Ililipuka."

Aliweka simu chini. Koplo alikuwa akimtazama.

"Niambie, Koplo. Mtu mwenye kibanda kizima cha makopo ya rangi, akitaka kitu kiwe cheusi, anahangaika na moto wa nini?"

Koplo alikuna kichwa. "Basi mimi nimeula wa chuya."

"Umeula. Twende."

Gereji ilikuwa wazi. Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akatoa ile picha mfukoni, akailinganisha. Kwenye picha, safu ya chini ilikuwa na pengo kwenye namba ishirini na moja. Ukutani hapakuwa na pengo. Soketi nyeusi ishirini na moja ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, imepanguswa, ina oili mbichi.

"Kinyonga amelala mahabusu tangu siku ya tukio," Koplo alinong'ona.

"Naam. Huyu hakutoka rumande kuja kupanga vifaa."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua amefika lini.

"Hii imerudi lini, Mzee?" Inspekta aliuliza, akiigusa kwa kidole.

"Ipi?"

"Mzee wangu, tusichoshane."

Yule mzee alikuja polepole akaketi kwenye benchi.

"Jana," akasema. "Nilikuwa nayo mfukoni. Kila nikipita naona pengo pale. Sikuweza."

"Ungeitupa tusingejua maisha."

"Ni nzima, mama. Kifaa kizima hakitupwi." Akatoa kile kitambaa chake chenye oili. "Kifaa kizima mtu anakitupaje?"

Inspekta alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza bei ya kitu asichonunua.

"Nilitaka mkono tu," akasema. "Andika hivyo. Nilitaka akatike mkono wa kushoto, kidogo, kama mimi. Migodini hawapokei fundi aliyefungwa bendeji. Nafasi ingechukuliwa na mwingine. Angekaa. Ningemlisha mimi mwenyewe."

"Ulitoa wapi ile soketi?"

"Kwenye boksi langu la zamani. Ni pacha wa ile iliyonikata. Nilijua ikibaki inang'aa ataiona, hata asipoangalia ataiona. Nikaichoma, nikaizamisha. Ndivyo nilivyofundishwa." Alipangusa pua kwa kile kitambaa. "Wewe una mtoto?"

"Ninaye. Yuko mbali."

"Basi unajua nyumba inavyosikika. Ikiwa na mtu mmoja unasikia maji yakidondoka bombani. Unakohoa, hakuna anayekuuliza una nini. Mimi nilikuwa navisikia vile vyumba hata kabla hajaondoka. Alikuwa anacheka na mkewe huko ndani, anafunga mizigo, na mimi nasikia kimya chake kinakuja."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Inspekta aliujua. Lakini alikuwa na hasira pia, na hakuificha.

"Na mtoto wa mwenzio je? Kinyonga? Kesho alikuwa anapandishwa kizimbani kwa damu usiyotaka kuikiri."

"Kila asubuhi nilisema leo nitakuja. Nikitoka namkuta mkwe wangu juu ya sanduku, ananiamkia, 'Shikamoo baba, umelala?' Narudi ndani." Akainua uso. "Lakini nieleze kitu kimoja. Yangu ilinichana mkono tu. Ile ilikuwa pacha wake. Kwa nini imelipuka?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta angeweza kusema hajui. Alifikiria kusema hajui.

"Kwa sababu uliichoma," alisema.

Mzee hakuelezwa zaidi. Maisha yake yote alikuwa akiuza jasho lake kwa chuma, na jibu lilimfika lenyewe. Inspekta aliona likimfika.

"Niliikaza, ikapoteza uvumilivu," alisema kwa sauti ndogo. "Moto na oili. Nimeikaza kwa mikono yangu. Ningepaka rangi..." Akageuza kichwa kuelekea kibanda cha Kinyonga, makopo yamepangwa, mengine yako wazi. "Hatua chache tu pale. Ningepaka rangi, mwanangu angekuwa hai, kaufunga mkono, ananinunia."

Alilia kwa sauti, mtu mzima, hadi mwenye duka la jirani akaja kuchungulia. Hakuna aliyemfunga pingu. Alipomaliza alinyanyuka mwenyewe, akazima taa ya benchi, akawafuata kwenye gari.

*

Kituoni walimtoa Kinyonga. Alikuja kwenye kaunta akiwa bado na bluu masikioni, akawekewa mkanda wake na simu yake mezani, asaini. Alipomwona Mzee amekaa kwenye benchi ya ukutani, kati ya Koplo na mlango wa mahabusu, hakusaini.

"Mmemleta wa nini?" akasema. "Niliwaambia sina la kusema! Nilisema kitu mimi?"

"Hukusema kitu," Inspekta alimjibu. "Amesema mwenyewe."

Kijana aliweka kalamu chini. Akamtazama Mzee, akamtazama Inspekta.

"Basi kiapo kimekwisha," alisema.

"Kiapo gani?"

"Kushoto aliona. Mimi namfunga paja, yeye ameokota kipande pale chini, anakigeuza, anakinusa. Akasema, 'Huu weusi ni kazi ya baba.' Mimi nikamwambia nyamaza, usipoteze nguvu. Akasema, 'Kusanya vyote, katupe, wasije wakamchukua mzee.' Akaniapisha. Nilikuwa sijapata nafasi ya kutupa mlipokuja."

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua, baba."

"Alikasirika?"

Kinyonga alitikisa kichwa. Alikwenda akapiga magoti mbele ya yule mzee, akaishika ile mikono mikubwa, yote miwili.

"Alisema hata iweje, nisikuache ukae peke yako," alisema. "Ndiyo maneno yake ya mwisho."

Koplo alikuwa amesimama na funguo za mahabusu mkononi. Alimtazama mkuu wake apate amri. Inspekta alimwonyesha kwa mkono asubiri, akaenda mwenyewe kufunga mlango wa mbele, ili watu wa nje wasiingie kwanza.